Fundi wa Programu Anapostaafu: Funguo za Watu Zinabaki kwa Nani?

 

Ndugu yetu kutoka Suguti, Musoma, ametuandikia kwamba kwa miaka mingi ameishi kwa kutengeneza programu za kompyuta bila ya kuajiriwa na mtu: leo duka, kesho skuli, kesho kutwa chama cha akiba na mikopo. Sasa amerudi kwao, kando ya Ziwa Victoria, na anataka kupumzika. Anauliza, kazi hiyo ina hisabu gani, na afanye nini kabla ya kuiacha?

Tunamshukuru kwa suali lake. Kazi hii kwetu bado ni changa. Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilizuia uingizaji wa kompyuta nchini, na zuio hilo lilidumu hadi miaka ya 1990. Sera ya kwanza ya taifa ya TEHAMA ilitoka mwaka 2003, na mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009. Kwa hiyo walioanza mapema ndio wanaozeeka sasa, na hawana wazee wa fani waliotangulia wa kuwauliza. Mvuvi anajua babu yake aliuachaje mtumbwi. Fundi wa programu hana babu huyo.

Lakini kazi yake si ngeni katika Fiqhi. Fuqahaa wamemwita mtu wa namna hii ajiiri mushtarak, yaani mfanyakazi asiyekuwa wa mtu mmoja, kama fundi cherehani au dobi, ambaye hupokea kazi za watu wengi. Ujira wake ni halali maadamu kazi yenyewe ni halali na inajulikana. Kikiharibika alichokabidhiwa, Maulamaa wamekhitalifiana. Kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Shaafi'iy ni kuwa halipi ila akivuka mpaka au akizembea.

Kuhusu makubaliano, programu inayotengenezwa kwa kuagizwa inafanana na istisnaa, yaani kuagiza kitu kitengenezwe. Majma' al-Fiqh al-Islaamiy, katika kikao chake cha Jeddah cha mwaka 1992, ilipitisha kwamba mkataba huu unazifunga pande zote mbili ikiwa sifa za kitu na muda vimebainishwa, na kwamba malipo yanaweza kucheleweshwa au kulipwa kwa awamu. Kabla ya hapo, katika kikao cha Kuwait cha mwaka 1988, ilikubali kuwa haki za utunzi na uvumbuzi ni mali inayoheshimiwa. Basi suali la nani anamiliki maandishi ya programu linajibiwa na yale waliyokubaliana. Kama hawakuandikiana, wakae sasa waandikiane, wakiwa hai na wanakumbuka.

Baada ya hapo yapo mambo mawili ambayo ndiyo hisabu yenyewe.

La kwanza ni aibu iliyofichika. Zamani nafasi ya kuhifadhi katika kompyuta ilikuwa ghali, wakaandika mwaka kwa tarakimu mbili tu. Ulipokaribia mwaka 2000 dunia nzima ilihangaika kuzikagua programu za zamani, na wengi wa walioziandika walikuwa wameshaondoka. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alitia mkono katika rundo la chakula sokoni akakuta chini kimerowa, akamkemea muuzaji kwa kukificha. Programu nayo ni rundo ambalo mnunuzi haoni chini yake. Kasoro unayoijua, mwambie mwenyewe kwa maandishi.

La pili ni funguo. Fundi huyu ana maneno ya siri ya watu, nakala za hesabu zao, na pengine anwani ya tovuti yao imesajiliwa kwa jina lake. Akifa navyo kichwani, chama kinaamka hakiwezi kufungua daftari la akiba za wanachama wake. Hii ni amana, na Suratun-Nisaa aya ya 58 inaamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe. Mtume alipohama Makka alimwacha Ali nyuma azirudishe amana za watu, na mji ule ulikuwa umemfanyia uadui.

Huenda mtu akasema: "Mteja huyu hajanilipa, kwa nini nimpe funguo?" Fuqahaa wamemruhusu fundi kuzuia kazi ya mkono wake mpaka alipwe, kama fundi cherehani anavyozuia nguo. Lakini tunavyoona, hesabu za wanachama si kazi ya mkono wake. Ni mali ya watu ambao hawadaiwi naye, na haziwi rehani ya deni la mwingine. Adai haki yake kwa mashahidi, kwa wazee au mahakamani.

Kwa hiyo tunamnasihi ndugu yetu aandike orodha ya kila aliyemfanyia kazi. Ampe kila mmoja funguo zake na maelezo, kisha amwombe abadilishe maneno ya siri. Afute nakala za taarifa za watu zilizobaki kwake. Hilo linalingana pia na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Asiyepatikana, jambo lake liandikwe katika wasia pamoja na madeni, kwani Mtume amehimiza mwenye jambo la kuusia asilale siku mbili ila wasia wake umeandikwa.

Akishamaliza hayo, awafundishe vijana wa hapo Suguti alichojaaliwa, kwani elimu yenye manufaa ni katika yasiyokatika mtu anapokufa.

Na Allaah Anajua zaidi.