Tangi la Handeni na Pampu ya Korogwe

Mto Pangani hupita kando ya mji wa Korogwe, bondeni. Handeni uko kusini-magharibi, mahali pa juu zaidi, katika nchi kavu ambako shida ya maji ni ya miaka mingi. Barabara baina ya miji hiyo ina kilometa 65 hivi. Maji ya Pangani hayapandi Handeni yenyewe. Husukumwa kwa pampu katika bomba kuu la mradi ujulikanao kwa herufi HTM. Je, aliye mtoni atajuaje kama tangi la mbali limejaa au ni tupu?

Jibu la zamani ni mtu kuchungulia na kupeleka habari. Jibu jipya ni Intaneti ya Vitu, jina lililotolewa na Kevin Ashton mwaka 1999: vitu hupima hali na kuarifiana pasipo mtu kuwa tarishi kati yao. Mita ya LUKU iliyozoeleka majumbani si mfano kamili, kwani mnunuzi hupewa namba ya tarakimu 20 akaibonyeza mwenyewe. Hapo mtu ndiye waya.

Mfano waweza kujengwa mezani. Karai la maji ndilo Pangani, ndoo ya lita 20 juu ya stuli ndilo tangi, na mpira mwembamba wenye pampu ya betri ndio bomba kuu. Juu ya ndoo hufungwa kihisi kitoacho mlio usiosikika na binadamu. Mlio hugonga uso wa maji ukarudi. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde. Mwangwi ukichukua sekunde 0.001, mlio umekwenda sentimeta 34, kwenda na kurudi, na maji yako sentimeta 17 chini ya kihisi. Asiyegawa kwa mbili hudhani maji yamepungua kuliko yalivyo, na ndoo hufurika. Kompyuta ndogo kama ESP32 hutuma kipimo kwa redio, na ya pili, penye karai, huwasha au kuzima pampu.

Mpaka hapo somo ni jepesi. Sasa mwalimu na achomoe betri ya kihisi wakati pampu inasukuma. Iwapo pampu imeagizwa kusubiri amri ya kuzima, sakafu italowa. Iwapo imeagizwa kuzima mara habari ikatikapo, ndoo itakauka kwa hitilafu ndogo ya redio. Na katika Handeni yenyewe, hayo ni madumu matupu majumbani. Ukimya hausemi kwamba tangi limejaa, wala kwamba ni tupu.

Wanafunzi na wapige hesabu. Pampu ikitoa lita 2 kwa dakika, na habari ya mwisho ikiwa ndoo imefika nusu, yaweza kuendelea dakika 5 bila kufurika, hata kama hakuna achotaye. Dakika hizo zikiisha, pampu izime, kengele ilie, na mtu aende kuchungulia.