Mtafiti Chipukizi Asibaki Mkalimani

Desemba 2006, mvua zilipofurisha nyanda za Garissa, homa ya Bonde la Ufa ilithibitishwa huko. Kufikia Machi 2007, Shirika la Afya Duniani lilikuwa limehesabu wagonjwa 684 nchini Kenya, 155 kati yao wakiwa wamefariki. Virusi vyake huenezwa na mbu, hushika mifugo, kisha humpata mtu anayechinja au kuzalisha mnyama mgonjwa. Daktari wa mifugo peke yake hawezi kuuchunguza ugonjwa wa namna hiyo. Anamhitaji daktari wa binadamu, mtaalamu wa mbu na wa hali ya hewa.

Anamhitaji pia anayejua kuzungumza na wafugaji. Utafiti uliochapishwa 2010 ulionyesha kwamba wafugaji wa Kisomali walikuwa wamezitambua dalili za hatari mapema kuliko mifumo rasmi ya tahadhari: mvua isiyo ya kawaida, mbu wengi, mifugo kutupa mimba. Kijana aliyekulia Ijara au Fafi, huko huko Garissa, anajua kumuuliza mzee kuhusu dalili hizo kwa Kisomali, na anajua jibu lipi ni la adabu tu. Huo ndio mtaji wake anapoingia katika mtandao wa watafiti.

Mtaji huo hupotea kwa urahisi. Vijana wengi kama yeye huajiriwa kujaza madodoso na kutafsiri, kisha makala hutoka bila majina yao. Majarida mengi ya tiba hutaka mwandishi atimize masharti manne: achangie kwa dhati katika wazo, data au uchambuzi, ashiriki kuandika au kusahihisha kwa kina, aidhinishe toleo la mwisho, na akubali kuwajibika kwa kazi nzima. Kwa hiyo anayekusanya data tu, hata akikesha nyikani, hajayatimiza. Aombe mapema kuandika sehemu ya mbinu za utafiti au kuchambua jedwali mojawapo.

Kabla ya kazi kuanza, pamoja na kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na cha kamati ya maadili, makubaliano yaandikwe: nani atatumia data kwa tasnifu yake, na nakala itahifadhiwa wapi. Chuo Kikuu cha Garissa kilipata hati yake ya kujitegemea 2017, hivyo kinaweza kutia saini makubaliano hayo kwa jina lake. Mwanafunzi aende kwenye mkutano wa kwanza na msimamizi wake wa Garissa, wala asisubiri kuambiwa na watafiti wageni atafanya nini.