Mwanao yuko fildi benki? Muulize mchana anakula nini

Saa moja asubuhi mwezi Julai, Mpuguso bado imefunikwa na ukungu. Kijana wa mwaka wa pili wa uhasibu anasubiri bodaboda ya kwenda Tukuyu mjini, suruali imenyooshwa, sweta juu ya shati. Majirani wakimwona hawasemi yuko fildi. Wanasema ameshaingia benki.

Hapo ndipo shida inapoanza. Huyu anamwomba mchango wa harusi, yule anataka mkopo wake upite haraka, na nyumbani nauli inatolewa kwa manung'uniko. Si yuko kazini? Kumbe kwa kawaida mwanafunzi wa fildi halipwi mshahara. Amekwenda na barua ya chuo, anajaza daftari kila siku, anasubiri mwalimu aje kumkagua, kisha anaandika ripoti apate maksi. Mnufaika wa Bodi ya Mikopo anaweza kupewa fedha za mafunzo kwa vitendo. Kiwango kimekuwa hadi Sh10,000 kwa siku, kwa siku zisizozidi 56. Asiye na mkopo anamtazama mzazi.

Kufanya fildi nyumbani, kwenye benki au saccos za Tukuyu, kunaokoa kodi ya chumba. Kinachobanwa ni chakula cha mchana. Wenzake wakitoka kula, yeye anabaki na mafaili akisema ameshiba. Wazazi huogopa vidonda vya tumbo, ingawa chanzo chake kikubwa ni bakteria aitwaye H. pylori na dawa za maumivu zinazomezwa hovyo, si njaa yenyewe. Njaa huleta kichwa kuuma, kizunguzungu na makosa, na kwenye fedha za watu sifuri moja ikizidi ni kesi. Mbalaga kwenye hotpoti haina aibu, tena Rungwe ndizi si za kutafuta.

Jioni muulize pia: leo umetumia nywila ya nani? Foleni ikiwa ndefu, mwanafunzi anaweza kuambiwa ashike kompyuta ya mfanyakazi aliyetoka mara moja. Hesabu ikipungua, wa kwanza kutazamwa ni mgeni. Akatae kwa adabu na amjulishe msimamizi wake wa chuo.

Na binti akisema ghafla hataki kurudi ofisini, usikimbilie kumkumbusha ada. Msikilize kwanza. Bosi anayedai penzi ili asaini daftari anaomba rushwa ya ngono, kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Takukuru hupokea taarifa kwa simu ya bure, 113.