Nyumba ya Mpira

Kitendawili!

Tega!

Nyumba ya mpira, imebomolewa kwa mpira.

Msikimbilie kujibu. Najua mmoja atasema yai, mwingine atasema dunia, na yule wa nyuma keshaanza kunong'ona. Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Siku nyingine mngenipa Tanga au Mombasa, nami ningejidai nimekwenda, nimekula, nimeshiba, nimerudi. Leo mji nauchagua mwenyewe. Nipeni Brooklyn.

Brooklyn ni sehemu ya jiji la New York, Marekani. Zamani mitaa yake ilijaa tramu, yale mabehewa ya umeme yanayopita katikati ya barabara, na aliyetaka kuvuka ilimbidi aruke huku na huku asigongwe. Watu wakawatania wenyeji wa Brooklyn kwa kuwaita wakwepa tramu. Timu yao ya besiboli haikukasirika. Ikauchukua utani ule ukawa jina lake: Dodgers, yaani Wakwepaji. Ni kama timu ya Kariakoo ijiite Wakwepa Bodaboda, na ipendwe hivyo hivyo.

Besiboli ni binamu wa kriketi. Mmoja anarusha mpira mdogo, mgumu, kwa nguvu zote. Mwenzake wa timu pinzani amesimama na gongo la mbao, anajaribu kuupiga. Akiupiga vizuri anatupa gongo na kutimua mbio: kituo cha kwanza, cha pili, cha tatu, halafu anarudi pale alipoanzia, panapoitwa nyumbani. Akifika nyumbani salama, timu yake imepata pointi. Kuna na ujanja mwingine. Mkimbiaji aliyekwisha kufika kituoni anaweza kuchomoka ghafla kwenda kituo kinachofuata, hata kama hakuna aliyepiga mpira. Hiyo inaitwa kuiba kituo, na ni wizi ambao haupeleki mtu polisi. Likumbukeni neno hilo, tutalihitaji.

Mwenye timu ile alikuwa Charles Ebbets. Alitaka kujenga uwanja mpya wa saruji na chuma, na eneo alilolipenda lilikuwa jalala, mahali pa nguruwe na uvundo, ndiyo maana watu walipaita Mji wa Nguruwe. Lakini jalala nalo lina wenyewe, tena wengi, kila mmoja na kijisehemu chake. Ebbets alijua wakisikia kwamba tajiri wa besiboli anataka ardhi yao, bei itapanda usiku mmoja. Akanunua kimya kimya, kiwanja baada ya kiwanja, kwa jina la kampuni ambayo hakuna aliyeijua. Yeyote aliyewahi kununua kiwanja pembeni mwa Dar es Salaam anamwelewa mzee huyu.

Uwanja ukafunguliwa mwaka 1913, ukaitwa Ebbets Field. Siku ya kwanza watu wamekwisha kufika, ikagundulika funguo za baadhi ya majukwaa zimesahauliwa. Bendera ya taifa nayo imesahauliwa. Kisha waandishi wa habari wakauliza wakae wapi, kumbe hakuna aliyekumbuka kuwajengea sehemu yao! Hata hivyo ukumbi wa kuingilia ulikuwa wa kupendeza: duara la marumaru, sakafu yake imechorwa mishono kama ya mpira, na juu inaning'inia taa kubwa yenye mikono ya magongo ya besiboli na globu za mipira.

Uwanja wenyewe ulikuwa mdogo. Hata ulipopanuliwa haukuzidi sana viti 32,000, na watazamaji walikaa karibu na wachezaji kiasi cha kusikia wanavyolaumiana. Mama mmoja aitwaye Hilda Chester alikuwa akija na kengele ya ng'ombe, anaigonga mpaka wapinzani wanaumwa kichwa. Kikundi cha mashabiki kilileta ngoma na matarumbeta, kikapiga muziki wa hovyo kwa makusudi, hasa kumsindikiza mpinzani aliyetolewa anaporudi kuketi.

Upande wa kulia palikuwa na ubao mkubwa wa matokeo wenye tangazo la bia ya Schaefer. Tangazo lile lilifanya kazi. Mtu akipiga mpira na kufika kituoni kihalali, herufi H katika jina hilo inawaka. Mchezaji akifanya uzembe wa kudaka, inawaka E. Chini ya ubao, fundi cherehani Abe Stark aliweka bango lake: atakayeligonga kwa mpira atapata suti bure. Wanangu, suti zilizotoka ni chache! Mbele ya bango alisimama Carl Furillo, mlinzi wa upande huo, mwenye mkono kama manati, na mipira mingi aliidaka kabla haijafika. Sijui kama fundi aliwahi kumlipa Furillo kwa kazi hiyo, lakini angelimlipa angekuwa ametenda haki.

Sasa nishushe sauti kidogo.

Kwa miaka mingi, katika timu ya uwanja huo wa vicheko, na katika timu zote za ligi kuu za Marekani, hakukuwa na mchezaji hata mmoja mweusi. Haikuandikwa katika sheria yoyote ya mchezo. Wenye timu walikubaliana tu kimyakimya, na tangu miaka ya 1880 mlango ulifungwa. Weusi wakaunda timu na ligi zao, wakasafiri usiku kucha kwa mabasi, wakalala humo humo pale hoteli zilipowakataa. Msanii Kadir Nelson amewaandikia watoto kitabu kuhusu watu hao, *We Are the Ship*, kilichotoka mwaka 2008, na picha zake amezichora kwa mkono. Hata asiyejua Kiingereza anaweza kukifungua akatazama nyuso tu, akajua hawa hawakuwa watu wa kuonewa huruma. Walikuwa mabingwa.

Mmoja wao aliitwa Jackie Robinson. Alizaliwa mwaka 1919 huko Georgia, akakulia California. Kaka yake Mack alishika nafasi ya pili katika mbio za mita 200 kwenye Olimpiki ya Berlin mwaka 1936, nyuma ya Jesse Owens. Jackie mwenyewe, akiwa chuo kikuu, alichezea timu za michezo minne. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipokuja akawa luteni jeshini, na mwaka 1944 dereva wa basi alimwamuru ahamie viti vya nyuma kwa sababu ya rangi yake. Akakataa. Akafikishwa mahakama ya kijeshi, akashinda.

Basi muone ugumu wa ombi alilopewa mwaka uliofuata. Branch Rickey, aliyeendesha timu ya Dodgers, alimwita ofisini akamwambia anataka kumwingiza katika besiboli ya wazungu, kwa sharti moja: atakapotukanwa, asijibu; atakapopigwa, asirudishe. Mtu aliyekataa kuhama kiti cha basi sasa anaombwa ameze matusi mbele ya maelfu. Akakubali.

Tarehe 15 Aprili 1947 Robinson aliingia Ebbets Field na namba 42 mgongoni. Walikuja watazamaji zaidi ya 25,000, na inakadiriwa zaidi ya nusu yao walikuwa weusi. Mngetarajia niwaambie aliupiga mpira ukavuka ukuta. La. Siku ile hakupata hata pigo moja safi. Lakini katika kipindi cha saba aligusa mpira kidogo tu akakimbia; mpinzani akababaika kwa kuharakisha, akatupa vibaya. Robinson akasonga mbele, mwenzake akapiga, naye akafika nyumbani na pointi iliyowaweka mbele. Dodgers wakashinda 5 kwa 3. Mbio zake ziliwatisha watu kabla gongo lake halijawatisha.

Wiki moja baadaye, papo hapo Ebbets Field, timu ya Philadelphia ikiongozwa na meneja wake Ben Chapman ilimwagia Robinson matusi ya rangi mchezo mzima. Robinson alinyamaza. Aliyepasuka ni mwenzake Eddie Stanky, mzungu mzaliwa wa Philadelphia, aliyewafokea wale watu kwamba wamtafute wa kuweza kuwajibu. Mwaka 1972 Robinson alitoa kitabu cha maisha yake, *I Never Had It Made*, na humo anakiri kwamba siku ile alikaribia kuvunja ahadi kuliko siku nyingine yoyote. Ni kitabu cha mtu aliyechoka kunyamaza. Wanaomchora kama mtu mpole aliyesamehe kila kitu wakisome hicho.

Kuna tukio jingine ambalo karibu kila kitabu cha watoto kuhusu Robinson kinalo. Mashabiki wanazomea, na nahodha Pee Wee Reese, mzungu wa Kentucky, anatoka mahali pake, anatembea mpaka kwa Robinson na kumwekea mkono begani. Uwanja unanyamaza. Peter Golenbock alikisimulia kisa hiki vizuri katika *Teammates*, kitabu cha mwaka 1990, akakiweka Cincinnati mwaka 1947. Mwaka 2005 ikazinduliwa hata sanamu ya tukio hilo huko Brooklyn. Halafu akaja Jonathan Eig, aliyeandika *Opening Day* mwaka 2007. Akachimba magazeti na habari za msimu ule, wala hakupata ushahidi kwamba mkono ule uliwekwa Cincinnati mwaka huo. Robinson mwenyewe, kitabuni mwake, anakumbuka ulikuwa Boston.

Je, Golenbock ni mwongo? Mimi sidhani. Watu waliokuwapo walikumbuka tofauti, na urafiki wa Reese na Robinson hauna shaka. Lakini mimi, mtoto akiniletea kitabu kimoja kuhusu mwanamichezo na kusema amemaliza, humwuliza cha pili kiko wapi. Kitabu kimoja ni shahidi mmoja, na hata mahakama ile ya kijeshi isingemhukumu mtu kwa shahidi mmoja aliyesimulia vizuri.

Nikiruhusiwa kuchagua kimoja tu cha kuwapa, nitawapa hadithi ya kubuni: *In the Year of the Boar and Jackie Robinson* ya Bette Bao Lord, ya mwaka 1984. Msichana mdogo anatoka China na kufika Brooklyn mwaka ule wa 1947. Hajui Kiingereza, hana rafiki. Anajifunza lugha huku akisikiliza mechi za Dodgers redioni, na marafiki anawapata kupitia besiboli. Nawafahamu watu wazima hapa kwetu waliojifunza Kiswahili safi kwa watangazaji wa mpira, kwa hiyo msichana huyo hanishangazi hata kidogo.

Mwaka 1949 Rickey alimfungulia Robinson mdomo, akamruhusu kujibu, na mwaka huo huo Robinson akachaguliwa mchezaji bora wa ligi yake. Katika mechi za ligi aliiba nyumbani mara 19, yaani alikimbia kutoka kituo cha tatu kumwelekea mdakaji anayemsubiri na mpira. Lakini wizi wake maarufu zaidi ni ule wa fainali ya mwaka 1955 dhidi ya timu ya Yankees. Mwamuzi akasema yuko salama. Mdakaji Yogi Berra akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto, na akaendelea kubisha hadi uzeeni. Mwaka huo Dodgers, waliokuwa wameshindwa fainali mara saba, wakatwaa ubingwa. Brooklyn haikulala.

Ubingwa huo ulikuwa wa kwanza na wa mwisho kwa Brooklyn. Mwenye timu wa wakati huo, Walter O'Malley, alitaka uwanja mkubwa zaidi. Wakuu wa jiji wakamnyima eneo alilolitaka, akaihamishia timu Los Angeles. Mchezo wa mwisho Ebbets Field, Septemba 1957, ulitazamwa na watu 6,702 tu.

Mwandishi Roger Kahn, mtoto wa Brooklyn, baadaye alifunga safari kuwatafuta wachezaji wale nyumbani kwao wakiwa watu wa makamo, akaandika *The Boys of Summer*, kilichotoka mwaka 1972. Roy Campanella, mdakaji, alikuwa kwenye kiti cha magurudumu baada ya ajali ya gari. Carl Furillo, yule mlinzi wa bango la suti, alikuwa fundi wa kufunga lifti katika minara ya World Trade Center iliyokuwa ikijengwa. Hicho hakijaandikwa kwa watoto. Kiwekeni mpaka mkue.

Dodgers bado wapo Los Angeles. Kila tarehe 15 Aprili wachezaji wote wa ligi kuu huvaa namba 42, na siku nyingine hakuna anayepewa, kwani ilistaafishwa kwa timu zote mwaka 1997. Mwaka 2022 Dodgers hao hao waliwasainisha vijana wawili kutoka Uganda.

Na kitendawili? Februari 1960 wabomoaji walifika Ebbets Field na mashine inayoning'iniza tufe zito la chuma. Walikuwa wamelipaka rangi nyeupe na kulichora mishono myekundu, lifanane na mpira wa besiboli. Wakalirusha ukutani. Mahali pale yakajengwa magorofa ya kuishi watu, na kwenye magorofa hayo likabandikwa tangazo: hapa ni marufuku kucheza mpira.