Antena ya Mama

Kila mwisho wa mwezi mama hunitumia ujumbe uleule: "Mwanangu, king'amuzi kimekata." Nami hulipa. Kwa miaka minne nimelipia kifurushi cha nyumbani kwetu Kisauni bila kuuliza anatazama nini. Likizo iliyopita nilikaa naye jioni tatu mfululizo. Alitazama habari za saa moja, kisha mchezo wa kuigiza wa Kiswahili, akaenda kulala. Vyote vilikuwa kwenye stesheni za humu nchini, zisizolipishwa hata senti.

Nilikasirika, na si kwa ajili yangu tu. Mitambo ya analojia ilipozimwa mwaka 2015, Citizen, NTV na KTN zilitoweka hewani kwa karibu wiki tatu, na wengi tukakimbilia king'amuzi chochote kilichokuwa dukani. Stesheni zilirudi, tena bure. Ada tukaendelea nayo kwa mazoea. Runinga nyingi za siku hizi zina king'amuzi cha DVB-T2 ndani yake. Hazihitaji kisanduku kingine, ila antena tu.

Ya mama ilikuwa ingali juu ya mabati tangu enzi za marehemu baba. Kijana wa jirani akapanda, mimi nikakaa mbele ya runinga, mama akasimama dirishani kupokezana maneno. "Geuza! Rudisha kidogo! Hapo hapo!" Picha ikaja, ikaganda vipandevipande, ikapotea. Dijitali haina zile chengachenga za kuvumilia: unaona ama huoni. Kumbe kosa halikuwa la mwelekeo. Kwenye kiungio, chumvi ya bahari ilikuwa imekula waya hadi shaba ikageuka kijani. Tukakata kipande kile, tukafunga kiungio kipya, tukakizungushia utepe usiopitisha maji. Stesheni zikajipanga zenyewe.

Ligi Kuu ya Uingereza haimo, na sitamdanganya mtu. Mpenzi wa mpira atalipa, au atakwenda kutazama na wenzake mkahawani. Intaneti nayo ina gharama yake: saa moja ya video yenye picha safi yaweza kula gigabaiti mbili au tatu, na bando la simu halihimili hilo.

Pesa za kifurushi sasa namtumia mama mkononi. Juzi alinipigia mwisho wa mwezi. Nilidhani antena imeanguka, kumbe alitaka kunihadithia nani kafumaniwa kwenye mchezo wa saa mbili.