Viungo Vinavyouma Pwani ya Kusini: Dawa Ikae Gotini (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliifuata homa ya chikungunya kutoka uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanganyika, ilikotambuliwa kwa mara ya kwanza katika mlipuko wa mwaka 1952, hadi Lamu na Mombasa mwaka 2004, kisha Mombasa tena mwishoni mwa 2017. Hapa Kwale, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzao wa Kenya wamefanya kazi kwa miaka Msambweni na Ukunda, wakipima damu ya watoto kutafuta virusi vya homa hiyo pamoja na vya dengi. Homa yenyewe huisha kwa siku chache. Kinachobaki ni viungo: vidole, viwiko vya mikono, magoti na vifundo vya miguu, ambavyo kwa baadhi ya watu huuma na kuvimba kwa miezi, hata miaka. Wagonjwa hao wanaungana na wazee ambao magoti yao yamechakaa kwa umri na kazi, na wale wenye baridi yabisi inayotokana na kinga ya mwili kujishambulia. Mkwezi wa minazi akishindwa kukunja vidole, siku hiyo nyumbani hakuingii kitu.

Dawa za kupunguza uvimbe zipo, na nyingi ni za zamani. Tatizo ni njia zinazopita kufika kiungoni. Kidonge cha diklofenaki kikimezwa, dawa husambaa mwili mzima ili sehemu ndogo tu iingie gotini, na huko njiani huchubua tumbo na kulemea figo. Mzee mwenye presha huongezewa presha. Steroidi kama prednisoloni hutuliza haraka sana, lakini zikimezwa kwa muda mrefu hupandisha sukari na kudhoofisha mifupa. Nasema wazi kwamba vidonge vya namna hiyo kuuzwa dukani bila cheti cha daktari, tena kwa mama ambaye hajaelezwa lolote, ni kuwaumiza watu wetu.

Kwa nini basi dawa isidungwe moja kwa moja ndani ya goti? Hudungwa, na husaidia, ila goti halijui kuhifadhi. Utando laini unaozunguka kiungo na kutengeneza ute wake umejaa mishipa midogo ya damu na ya limfu. Dawa iliyoyeyuka ikimwagwa humo hufyonzwa na kuondoka, mara nyingi ndani ya saa au siku chache. Na daktari hawezi kuchoma sindano kila siku, kwani kila sindano ina hatari ya kuingiza vijidudu.

Hapa ndipo chembe zinapoingia. Dawa hufungwa ndani ya chembe ambayo ni kubwa mno kufyonzwa na utando, nayo huiachia kidogo kidogo. Moja ya dawa hizo iliidhinishwa Marekani Oktoba 2017 kwa maumivu ya goti lililochakaa. Inaitwa Zilretta. Ni miligramu 32 za steroidi ya triamsinoloni ndani ya vijidonge visivyoonekana kwa macho, vilivyotengenezwa kwa mchanganyiko wa asidi ya maziwa na asidi ya glikoli. Kitu hicho si kigeni kwa madaktari wetu: jamii hiyohiyo ndiyo inayofumwa kuwa nyuzi za upasuaji zinazoyeyuka zenyewe mwilini. Chembe zikimeng'enyuka polepole, dawa hutoka, na mabaki yake mwili huyageuza kuwa maji na hewa ya kaboni. Sindano moja imeonekana kupunguza maumivu kwa wiki kadhaa.

Chembe hizo ni kubwa ukizilinganisha na zile ambazo wanasayansi wanahangaika nazo sasa, zinazopimwa kwa nanomita. Milimita moja ina nanomita milioni moja. Mkenya aliyechanjwa dhidi ya korona kwa Pfizer au Moderna mwaka 2021 ameshapokea chembe za aina hiyo, viputo vya mafuta vilivyobeba ujumbe wa chanjo. Katika kiungo kilichovimba, udogo huo una faida. Mishipa ya damu ya utando uliovimba huvuja, hivyo chembe inayosafiri kwenye damu hupata upenyo pale palipo na uvimbe kuliko mahali pazima. Tena kuna seli za kinga ambazo kazi yake ni kumeza uchafu, nazo hujaa kwenye utando huo na kuchochea uvimbe. Seli hizo huzimeza chembe zenyewe, na dawa ikawa imefika kwa mhusika.

Jambo hili linatugusa sisi wa pwani kuliko wengi. Kisiwani Réunion, kilichokumbwa na mlipuko wa 2005 na 2006, watafiti waliripoti kukuta mabaki ya virusi vya chikungunya ndani ya seli hizohizo kwa mgonjwa miezi 18 baada ya kuugua. Ikiwa mabaki hayo ndiyo yanayoendeleza uvimbe, basi chembe inayomezwa na seli hizo inaweza kupeleka dawa hadi kwenye chanzo chenyewe. Hilo ni wazo la kufanyiwa kazi, bado si tiba.

Gegedu, lile tabaka laini linalofunika ncha za mifupa kiungoni, ni suala jingine, na gumu zaidi. Halina mishipa ya damu, kwa hiyo kidonge hulifikia kwa shida. Limesukwa kama jarife la macho madogo mno, na lina chaji hasi. Mwaka 2018, Brett Geiger na Paula Hammond wa taasisi ya MIT huko Marekani walitumia chembe ndogo zenye chaji chanya, ambazo gegedu lenyewe huzivuta, zikiwa zimebeba protini ya kukuza seli. Zilipenya gegedu la ng'ombe, lenye unene unaokaribia wa lile la binadamu, ndani ya siku mbili. Katika magoti ya panya, dawa ilidumu hadi siku 30. Panya, si watu.

Zilretta nayo iliidhinishwa kwa magoti yaliyochakaa, si kwa viungo vya chikungunya, na hutunzwa kwenye jokofu. Zahanati ambayo umeme wake hukatika haiwezi kuiweka bila maandalizi. Kwa hiyo majaribio ya dawa hizi yanapaswa kufanyika pia Msambweni na Ukunda, kwa wagonjwa waliougua homa ambayo Ulaya na Marekani huijua zaidi kwa wasafiri.

Kwa sasa, anayeahidiwa sindano ya gotini, ya chembe au ya kawaida, aulize kwanza kama kiungo kimechunguzwa. Kiungo kimoja kilichovimba ghafla, kikawa chekundu na cha moto, huku mgonjwa ana homa, huenda kina usaha. Steroidi ikiingia humo, maambukizi huenea. Mgonjwa huyo apelekwe Hospitali ya Rufaa ya Kaunti, Msambweni, siku hiyohiyo.