Kindi wa Bustanini, na Namna ya Kumpiga Picha

Siku moja tuliwaomba wanafunzi wa parokia watuletee picha za wanyama wa mwitu wakaao karibu na nyumba zao. Kijana mmoja akaja mbio na simu ya kaka yake. Picha yake ilimwonyesha kindi aliyeshikwa mkia, kichwa chini, damu puani. «Baba, huyu hakutikisika hata kidogo, ndiyo sababu picha ni safi.» Tulicheka, kisha tukasikitika. Tukamwambia arudi kesho yake alfajiri, na manati aiache nyumbani.

Katika milima ya Kivu yuko kindi mwenye mgongo wa kijivu na tumbo jeupe. Wataalamu walimwandika mwaka 1904, wakampa jina la Heliosciurus ruwenzorii, kwa ajili ya milima ya Ruwenzori. Wanaojua Kiyunani watatambua mara moja: helios ni jua, na skiouros, ndilo jina la kindi, limeunganishwa na maneno mawili, kivuli na mkia. Wayunani wa kale waliona mnyama ajifunikaye kivuli kwa mkia wake mwenyewe! Huyu wetu ameongezewa jua kwa kuwa hupenda kulala tawini asubuhi na kuota mwanga. Mpiga picha na akumbuke jambo hilo, maana kindi hutembea mchana tu, na asubuhi ya baridi humtoa mahali peupe.

Basi tuliketi mbele ya mti mkubwa wa avoka, jua likiwa nyuma yetu. Robo saa ikapita, hakuna kitu. Kijana akaanza kupiga miayo. Macho ya kindi yako kandoni mwa kichwa, naye huona upesi kila kinachotikisika. Mtu atuliaye kama kisiki hamwogopi sana. Mara tukasikia sauti kali juu, tukaona mkia ukipigwapigwa: ametuona. Akazunguka shina, akajificha upande wa pili.

Hapo ndipo wawindaji wa zamani walipotufundisha hila moja, nayo yafaa hata kwa wasiotaka kuua. Mmoja hukaa kimya, mwenziwe huzunguka mti polepole. Kindi akimkimbia yule atembeaye, hurudi mwenyewe upande wa yule aketiye. Tukafanya hivyo, naye akaja, akishuka kichwa mbele. Nani kati yetu awezaye kushuka mti hivyo? Vifundo vya miguu yake ya nyuma hugeuka, kucha zikalishika ganda la mti kutoka juu. Alipofika tawi la chini akaanza kutafuna gamba la kokwa. Meno yake ya mbele hayakomi kukua maisha yake yote. Asipoyasaga kwa kutafuna, yatamzidi.

Mwenye kamera na aiweke kwenye sehemu moja ya 500 ya sekunde, au upesi zaidi, na alenge jicho. Mwenye simu asivute picha kwa vidole, itaharibika. Bora asogee hatua chache kila siku, mpaka kindi amzoee. Sauti ya simu izimwe. Wala msipande mtini kutafuta kiota.

Mama mmoja aliyepita na jembe alitusikiliza, akasema: «Ninyi mwapenda macho yake, mimi nahesabu karanga zangu.» Ana haki. Kindi hufukua mbegu shambani, na hatumlaumu mkulima anayelinda chakula cha watoto wake.

Lakini kuna jambo moja tusiloweza kulinyamazia. Ugonjwa wa mpox, ulioitwa zamani ndui ya nyani, ulijulikana mara ya kwanza kwa mwanadamu mwaka 1970, katika mtoto mdogo wa nchi yetu ya Kongo. Mwaka 1985 wataalamu walivipata virusi vyake katika kindi mgonjwa wa misitu ya Equateur, wa aina nyingine, si huyu wa milimani. Mwezi Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza hali ya hatari, nasi wa Kivu ya Kusini twajua kwa nini. Kweli, katika miji yetu ulienea zaidi kutoka mtu hadi mtu. Hata hivyo, mtoto asimwokote kindi aliyekufa au anayelegea chini, wala asimchune. Kijana wetu alikuwa amemshika wake kwa mkono mtupu. Tulimwuliza kama alijisikia vizuri tangu siku ile. Akasema ndiyo, ila uso ulibadilika.

Alikuja asubuhi sita mfululizo. Picha nyingi zilikuwa majani matupu. Katika ya mwisho kindi amelala tawini juani, mkia umemfunika mgongo. Imefifia kidogo upande wa kushoto, maana mkono ulitetemeka. Ameibandika ukutani darasani. Ile ya kwanza ameifuta, bila kuambiwa na mtu.